Bendi Nzima Ililia

Watu wengi wa Bujumbura watakuambia kwamba vita iliwafungia ndani. Mimi vita ilinikuta ndani. Kabla ya risasi ya kwanza nilikuwa tayari mtu wa foteyi, kiti changu cha kuegemea, wa kikombe cha chai kinachopoa pembeni, wa kusema "tutaenda kesho" mpaka harusi inapita na mtoto wa harusi hiyo anaanza kutambaa. Ilipotangazwa marufuku ya kutoka usiku, wenzangu walinung'unika. Mimi niliona kama hatimaye serikali imenitazama ikanielewa. Mke wangu aliuza vitenge sokoni na miguu yake haikujua kutulia. Yeye aliniita mwali. "Mwali wangu ameamka?" alikuwa akiuliza mbele ya wateja wangu. "Amekula? Bado hajatolewa nje?"

Wateja nilikuwa nao, msinidharau. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na katika avenyu yetu ya Buyenzi, mtaa wa mafundi na wafanyabiashara, hilo lilikuwa jambo la kutundika ukutani. Sebuleni niliweka mashine ya kupiga chapa, na watu walikuja niwaandikie barua za Kifaransa: ya kuomba kazi, ya kuomba mwanafunzi arudishwe darasani, ya kumuuliza mkubwa fulani kwa nini hajajibu barua ya kwanza. Nikiri mapema, maana ubaya wote ulitokea hapo: sikuwahi kuandika barua kama mtu alivyoisema. Mtu akisema, "Mwambie nimechoka kungoja," mimi naandika kwamba nafsi yake inanyauka kama mgomba ulionyimwa mvua. Wao hawakujua. Walisikia mashine ikilia muda mrefu, wakaona wamehudumiwa vizuri.

Nyumba ya sita kutoka kwetu ilikuwa ya fundi wa rejeta, na garaji yake hapo hapo. Wakati wa vikwazo, ambavyo sisi tuliviita ambargo, spea hazikuingia nchini, na nusu ya magari ya mji yaliishi kwa lehemu yake. Alikuwa mtu wa mashoto. Mkono wa kushoto ulishika chuma cha moto, wa kulia ulishikilia rejeta, na kidole kidogo cha huo wa kulia hakikukunjika. Kiliungua utotoni kikabaki kimesimama, kama mtu aliyekataa kuinama mbele ya chifu. Kila aliyewahi kumletea gari alikijua kidole kile.

Na kila mtu alijua hadithi yake. Alisema kwamba ujanani alivuka mpaka wa Gatumba, akaenda upande wa pili wa ziwa, akapiga gitaa miezi saba katika bendi ile. Simtaji mtu, aliyeishi Bujumbura miaka hiyo anajua bendi ninayosema, na asiyejua hapungukiwi kitu. Alisema alilipiga gitaa kichwa chini, kwa kuwa hakukuwa na gitaa la mashoto, na kwamba kile kipande kitamu cha gitaa katika wimbo wao wa kufungia dansi ni yeye aliyekitunga. Kwa nini aliondoka? "Mama alikuwa mgonjwa, akaniita."

Hakuna aliyemwamini. Mafundi wenzake, kila akipita, walichukua spana wakaikwaruza juu ya tumbo kama gitaa. "Muzee, tupigie kidogo!" Na mimi, ambaye nilimwona kupitia dirisha tu, ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Siku moja nilimpigia chapa cheti kizima, chenye mhuri wa kizibo cha soda niliouchovya katika wino, kinachothibitisha kwamba aliwahi kuwafundisha ndege kuimba. Alikipokea pale dirishani kwa mikono miwili, akakikunja, akakitia mfukoni. Hakucheka.

Bendi yenyewe ilikuwa na maadui kila upande. Wachungaji waliilaani kwa ajili ya ule uchezaji wa kiuno. Msikitini waliilaani pia, kwa hiyo angalau katika hilo mji ulikuwa na umoja. Lakini ubaya mkubwa ulikuwa majina. Bendi zile zina desturi ya kuita majina ya matajiri katikati ya wimbo, na bendi ile ilikuwa imemwita mkubwa mmoja ambaye, vita ilipokuja, watu walikuwa na sababu ya kulichukia jina lake. Basi kaseti zao zikawa za kusikilizwa kwa sauti ya chini. Jirani akikusikia unazipiga, alijiuliza uko upande gani. Kumbe wewe uko upande wa gitaa tu.

Ndipo mke wangu akaja na kaseti ya video. Mfanyabiashara mwenzake alikuwa ameileta kutoka ng'ambo, imeviringishwa ndani ya vitenge. Haikuwa dansi tupu. Ilikuwa filamu ya maisha ya bendi, imepigwa na wazungu, na yote ilisemwa kwa Kifaransa.

"Nimekuletea dunia," aliniambia, "kwa kuwa we huiendei."

Niliitazama peke yangu asubuhi, yeye akiwa sokoni. Nilidhani nitaona taa na viatu vinavyong'aa. Niliona ua wa mabati, mbuzi amefungwa, na watu kumi na wanne wanafanya mazoezi kwenye jua. Nyuzi za gitaa moja zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Mpiga ngoma, ngoma yake ikiwa kwa fundi, alifanya mazoezi kwenye kiti cha mbao bila kuona haya. Na kiongozi wao, mwanamume mfupi mwenye kofia, aliwasimamisha kila walipofika mahali pale pale. "Tena." Wakarudia. "Tena." Nilihesabu mara kumi na saba, mimi ambaye barua yangu sijawahi kuirudia mara mbili. Mara ya kumi na nane sauti zote ziliingia pamoja kama watu wa nyumba moja wanaoinua meza, na mbuzi mwenyewe aliacha kutafuna. Nilisimama kutoka kwenye foteyi. Mke wangu angekuwepo angemwita daktari.

Walimuuliza kiongozi kuhusu lile jina. Alirekebisha kofia yake. Kisha akasema, "Tulikuwa na njaa. Na jina lake lilikuwa fupi, liliingia vizuri." Akatazama chini. Sikumsamehe, maana si mimi niliyedhurika. Lakini nilimheshimu kwa kuacha aibu yake ikae ndani ya filamu, ambapo kila mtu ataiona. Mimi ningeipamba.

Halafu zikaja picha za zamani, zenye mikwaruzo. Gitaa limeshikwa kichwa chini. Mkono wa kulia juu ya shingo ya gitaa, vidole vinakimbia, na kidole kidogo kimesimama, kimekataa kuinama. Uso haukuonekana. Sikuuhitaji.

Sauti ya kiongozi ikasema juu ya picha ile, kwa Kifaransa cha taratibu ambacho nilikielewa neno kwa neno: "Huyu alitoka Bujumbura. Jina lake nimelisahau, Mungu anisamehe, mkono wake sijausahau. Alikuwa na sikio kutushinda sote. Lakini kila siku alikuja na kitu kipya. Mnakubaliana leo, kesho amekibadilisha. Nilimfukuza mbele ya wenzake, na alilia kama mtoto. Kile kipande cha wimbo wa kufungia ni chake. Tunakipiga mpaka leo. Hatujabadilisha hata nukta."

Nikazima. Nikakitazama kikombe changu cha chai kama kwamba nacho kinanisubiri niseme kitu.

Jioni mke wangu alipofika nilimweleza yote.

"Basi si muongo," alisema.

"Si muongo. Lakini mama yake hakuwa mgonjwa."

"Sasa utafanya nini? Nusu ya avenyu inajua kaseti iko hapa."

"Nani amewaambia?"

"Mi," alijibu, bila kuona haya. "Ulitaka waambiwe na nani? We unatoka?"

Ijumaa fundi alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, mikono imeoshwa kwa petroli, bado inanuka.

"Msomi," alisema. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Usiniambie kitu. Nitaona pamoja na wao. Kama siko ndani, wallahi, iyi habari ya bendi sitaisema tena mpaka kaburini." Akavuta pumzi. "Ile Kifaransa hakuna mwenye anaisikia kule garaji. Ni we utafasiri. We ukisema, wataamini."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Na kweli, tangu dakika hiyo nilijua nitakachofanya: ningefasiri Bujumbura, sikio, na kipande. Kufukuzwa na machozi ningeviruka, kama mtu anavyoruka dimbwi. Nilijifanyia mazoezi nikiwa peke yangu. Nilijiona mtu mwema sana. Mke wangu alinisikia.

"Sema yote ao ukae kimya," aliniambia. "Katikati utaanguka."

Jumapili baada ya adhuhuri ilikuwa zamu ya mtaa wetu kupata umeme. Tulifunga madirisha, tukashusha rido, yale mapazia mazito, tukapunguza sauti kwa sababu ya lile jina, kwa hiyo tulikaa gizani mchana kweupe, tumebanana, tunatoa jasho kama mikate. Walikuwepo mafundi wawili: wa eksosi, mnene, aliyeketi juu ya kiti changu cha kazi kikalia, na mpiga rangi za magari, mwembamba, mwenye mdomo. Alikuwepo shangazi wa mke wangu, mtu wa dini, aliyekuja kwa nia ya kukataza. Fundi wa rejeta alikaa mbele, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Hakuegemea.

Walipofika kwenye uchezaji wa kiuno, shangazi alisema, "Astaghfirullah," akavuta shungi. Kisha akasema, "Rudisha kidogo, nijue ninachokataza."

Tukarudisha.

Yale mazoezi ya kwenye ua yaliwanyamazisha mafundi. Fundi wa eksosi alitikisa kichwa kila kiongozi aliposema "tena". "Uyu ni bosi," alisema. "Uyu angeweza kufundisha watu kulehemu." Mpiga rangi peke yake hakuacha: "Muzee, we uko wapi sasa? We ndiyo ile mbuzi?"

Kisha ukaja mkono.

Wote walikitazama kidole kile cha kwenye televisheni, halafu wakageuka kukitazama kile kilichokuwa juu ya goti la yule wa shati jeupe. Fundi wa eksosi alikohoa. Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Ni chenyewe." Mpiga rangi alifungua mdomo akaufunga, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla ya siku hiyo.

"Anasema nini?" fundi wa rejeta aliuliza. Hakugeuka.

"Anasema, huyu alitoka Bujumbura."

"Ee!" alisema fundi wa eksosi.

"Alikuwa na sikio kutushinda sote."

"Ee, ee!"

Nikajiandaa kuruka dimbwi langu. Lakini mara ya kwanza maneno yale niliyasikiliza tu, mwanafunzi mzuri wa Kifaransa kama nilivyo, sikutazama picha. Picha ilikuwa imerudi kwa kiongozi mwenyewe, na alipofika pale kwenye machozi, mtu yule alitia ngumi mbili machoni, akazizungusha, mabega yakatikisika kama ya mtoto aliyenyimwa sukari. Kila mtu chumbani aliona.

"Na apo analia nini?" shangazi aliuliza.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kunyamaza. Lakini mdomo wangu umezoea mashine ya chapa.

"Anasema," nikasema, "siku alipoondoka, bendi nzima ililia."

"Bendi nzima!" Fundi wa eksosi aliruka, kiti kikalia tena.

"Batu kumi na wane!" alisema mpiga rangi.

"Mpiga ngoma alikataa kula," niliongeza. Sijui lilitoka wapi. Lilitoka.

Mke wangu, kule nyuma, alijifunika uso kwa kitenge.

"Simamisha," alisema fundi wa rejeta.

Nilibonyeza. Kiongozi aliganda na ngumi zake machoni, mistari myeupe ikitetemeka juu yake. Fundi alisimama, akatugeukia, shati lake limelowa mgongoni.

"Ile siku," alisema, "hakuna mutu alilia. Ni mi nililia." Alikuwa anazungumza na ukuta, juu ya vichwa vyetu. "Mama hakuwa mugonjwa. Mama alikuwa muzima, iko anauza samaki Ruziba. Walinifukuza. Mbele ya wote, mpaka wale wanawake wa kucheza. Nililia mpaka kamasi. Uyu anasema ivyo. Mi sijui Kifaransa lakini iyo ngumi naijua, alikuwa ananicheka nayo ile siku ile."

Akaketi.

Mpiga rangi, Mungu ampe maisha marefu, ndiye aliyethubutu. "Muzee, kamasi kweli?"

"Kamasi mpaka kwa shati."

Fundi wa eksosi alianza kucheka polepole, kutoka chini ya tumbo, na fundi wa rejeta mwenyewe akaingia, na kwa kitambo wote walicheka isipokuwa mimi. Halafu mpiga rangi akaacha.

"Na ile kipande ya gitaa? Amesema ni yako?"

Wote wakanitazama.

"Amesema," nilijibu. "Amesema ni chake, na hawajabadilisha hata nukta."

"Iyo nayo ni kama ile ya mupiga ngoma?"

Hilo ndilo nililomfanyia mtu aliyeniamini: nilimletea neno la kweli, zuri kuliko lolote nililowahi kupamba, na halikuwa na thamani tena kwa kuwa lilitoka kinywani mwangu. Fundi aliinamisha kichwa. Miaka yote ile alikuwa amesubiri hilo moja.

Shangazi ndiye aliyeliokoa. Alikuwa anahesabu tasbihi, akaiweka mapajani.

"Sikilizeni," alisema. "Mutu mwenye anajisema yeye mwenyewe alifukuzwa, alilia, na kamasi, sasa ataongopa nini tena? Kipande ni yake. Mwenye mi siamini ni uyu msomi." Akaninyooshea kidole. "Rudisha pale kwa mukono."

Tulirudisha. Tuliurudisha mkono ule mara nyingi, mchana ule na Jumapili zilizofuata, mpaka mahali pale kwenye kaseti pakaanza kuota chenga nyeupe, na katikati ya chenga kidole bado kimesimama. Watu walikuja ambao sikuwajua. Mafundi waliacha kukwaruza spana kwa ajili yake. Walipata kazi nyingine: kila nilipoonekana dirishani, walitia ngumi machoni, wakatikisa mabega, wakapaza sauti, "Bendi nzima!" Ndilo jina langu mpaka leo katika avenyu ile. Wapo watoto wasiojua kwamba nina jingine.

Jumatatu, siku moja tu baada ya Jumapili ile ya kwanza, nilitoka nyumbani. Naliandika hili kwa sababu lina historia: mke wangu alisimama mlangoni kunitazama kama mtu anayesindikiza ndege ya kwenda Makka. Nyumba sita. Nilifika garaji natoa jasho, mafundi wakanipigia makofi.

Fundi alikuwa ameinamia rejeta. Alinipa upande mmoja nishike.

"Ju ya nini ulisema vile?"

"Nilitaka wakuheshimu."

"Mukono walikuwa wameshaona," alisema. "Ile ingine ulitaka waheshimu Kifaransa yako." Alipuliza moshi wa lehemu. "Sasa niambie. Yote. Polepole, kama alivyosema."

Nikamwambia. Nilianza na Bujumbura, na hapo hapo kwenye jina nilisita, kwa sababu ulimi wangu tayari ulikuwa umeshika jina lake, unataka kulitia kinywani mwa yule mtu wa kofia. Lingeingia vizuri.

"Alisema jina lako amelisahau," nikasema. "Mkono hajausahau."

Aliguna. Niliendelea: sikio, kitu kipya kila siku, kufukuzwa, machozi, kipande. Hakunikatiza. Chuma kilikuwa kinapoa katika mkono wake wa kushoto na hakukirudisha motoni.

"Hata nukta?" aliuliza.

"Hata nukta. Miaka yote hiyo, vile vile ulivyokiacha."

Alifikiri. Kisha akarudisha chuma motoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya fundi aliyeona kazi ya mtu mwingine.

"Mi," alisema, "ningekuwa nimeshaibadilisha."